Maporomoko Niliyoyauza kwa Jina la Uongo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za duka, na ninyi wawili mliobaki nyuma ya kaunta mliniomba niandike machache kuhusu kazi hii kabla sijasahau. Kusahau nimeshaanza, kwa hiyo naandika haraka. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyeo dukani kwetu vilikuwa viwili tu, mwenye duka na asiye mwenye duka, nami nilidumu katika hicho cha pili tangu mwanzo hadi mwisho.

Niliingia dukani kwa Mama Karim, mjini Shinyanga, mwaka mmoja baada ya vita vya pili kwisha. Nilikuwa nimerudi kutoka jeshini, ambako sikupiga risasi hata moja. Nilikaa stoo nikipanga mablanketi na kusoma maandishi ya masanduku. Huko ndiko nilikojifunzia Kiingereza changu, na mpaka leo ni Kiingereza cha masanduku: upande huu juu, hiki kisilowe, hiki kinavunjika. Nilidhani hakitanifaa kitu nikirudi kwetu. Nilikosea.

Mama Karim alikuwa mjane wa Kihindi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kwenye sikio moja. Marehemu mumewe aliuza vitambaa. Yeye alipobaki peke yake aliacha vitambaa akaanza kununua vyombo vya Wazungu waliokuwa wakihama, wa migodini Geita, wa misheni, wa serikalini. Mtu akipanda treni kwenda zake, vile visivyoingia kwenye masanduku yake vilikuja kwetu: viti, taa, vitanda vya kukunja, mabirika, saa za ukutani, pembe za swala. Watu waliliita Duka la Kuukuu, naye hakuchukia. "Si ni kuukuu?" alisema. "Waliite nini tena?"

Siku yangu ya kwanza nilimuuzia karani wa kiwanda cha pamba cherehani ya mkono. Akaniuliza kama inashona vizuri. Nikamjibu inashona kama mpya. Sikuwa nimeijaribu. Kabla ya adhuhuri alirudi ameibeba kichwani, jasho linamtiririka, kitambaa kimekwama ndani yake kimechanikachanika. Mama Karim hakunigombeza mbele ya mtu. Alimwomba radhi, akanitwisha cherehani nyingine iliyokuwa nzima, nikaipeleka kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule karani, ng'ambo ya reli. Niliporudi akanikalisha.

"Zakaria," akasema, "kitu kikuukuu kina aibu zake, kama mtu mzima. Zitaje wewe kabla mteja hajaziona. Akizikuta mwenyewe, hatakuamini tena hata ukimwambia leo ni Jumatatu."

"Na nikizitaja akakataa kununua, Mama?"

"Basi hakikuwa chake."

Alinifundisha na mengine. Kutu hutolewa kwa mafuta ya taa na uvumilivu. Shaba nyeupe au nyekundu, majivu na ndimu. Vumbi la ndani ya saa litolewe kwa unyoya wa kuku, si kwa pumzi, kwa sababu pumzi ina maji. Karatasi na picha zenye uchafu zisuguliwe taratibu kwa kiini cha mkate mkavu. Mkate huo ukishasafisha picha hauliki, nilijaribu. Na kila sanduku linalotoka mashambani ligongwe kwanza kwa nje, usikilize. Likijibu kama debe tupu, mchwa wameshatangulia kulifungua.

Mwaka wangu wa tatu au wa nne lilikuja sanduku la namna hiyo. Lilikuwa la mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa mkunga upande wa Geita na sasa anarudi kwao kuzeekea. Mchwa walikuwa wamekula karibu kila kitu cha karatasi. Kilichobaki kizima ni kifaa kimoja cha mbao chenye mpini chini na vioo viwili vinene kama vya miwani, mbele yake kijiti kirefu chenye kishikizo mwishoni. Pamoja nacho kulikuwa na kadi moja ngumu. Juu ya kadi hiyo zimebandikwa picha mbili, ubavu kwa ubavu, zote mbili za maporomoko ya maji, na kwa mtu wa kawaida zote mbili ni picha ile ile.

"Wamekosea, wamebandika mara mbili," nikasema.

Mama Karim akacheka. Akaichomeka kadi kwenye kishikizo, akanipa kifaa. "Tazama. Macho yote mawili wazi."

Nikatazama, nikarudisha kichwa nyuma. Sioni haya kuwaambia kuwa nilijifuta uso, nikidhani umelowa. Zile picha mbili zilikuwa zimekuwa moja, na hiyo moja haikuwa picha tena. Mti wa mbele ulisimama mbele, ningeweza kuuzunguka. Nyuma yake kulikuwa na mwamba mweusi, na nyuma zaidi maji meupe yalikuwa yakimwagika kutoka juu kama mtu amepindua mbingu. Mimi ni mtu wa Kishapu. Mto wetu ni mchanga kwa miezi mingi ya mwaka, na maji yake hatuyaoni mpaka tuyachimbe. Nilikaa na kile kifaa mpaka Mama Karim akaniuliza kama nimekinunua.

Tulikiita darubini ya picha, na ile kadi tukaiita picha pacha. Jina hilo la pili lilitupotezea wateja kadhaa. Kwetu Usukumani mapacha, mabasa, si jambo la kuchezea. Wana taratibu zao, na mama mmoja alikataa kuigusa kadi mpaka ajue kama taratibu zimefanywa. Wengine walikuja kutazama tu. Mama Karim aliruhusu, mradi mikono iwe safi. Mzee mmoja mfugaji alitazama kwa muda mrefu sana, kisha akashusha darubini kwa hasira.

"Minzi yote haya," akasema, kwa maana ya maji, "yanamwagwa tu hivi? Ng'ombe wa nani wanakunywa hapo?"

"Sijui, mzee."

"Hakuna hata mmoja. Nimetafuta." Akaondoka akitikisa kichwa, kama aliyepelekewa habari za mtu mwovu.

Nyuma ya kadi kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Niliyasoma siku ya kwanza kabisa. Yalisema maporomoko hayo yako Norwei. Nilimuuliza Mama Karim Norwei ni wapi, akasema mbali, kwenye baridi, na hilo likatutosha sote.

Picha hiyo ilikaa rafuni miezi mingi, imetazamwa na nusu ya mji. Kisha, kiangazi kimoja, waliingia mke na mume.

Mke ndiye aliyetangulia, mwanamke kijana, mrefu, anamwongoza mumewe kwa mkono. Mume alikuwa na bendeji iliyofunika jicho la kulia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumetoka hospitali. Naomba mume wangu akae kivulini kidogo, jua limemchosha."

Nikampa kigoda. Alipokaa nusura akikose. Alikalia ukingo, akajishika kwenye kaunta. Nilidhani ni uchovu.

Mke aliitwa Kabula, binti Malale, mtu wa Kishapu kama mimi. Jina hilo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha, na kwetu Kishapu si jina linalopatikana kila mwaka. Mume aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe. Alikuwa ameifuata dhahabu kwanza Chunya, kisha Geita, akawa fundi wa baruti katika shimo dogo ambalo limeshafukiwa, na jina lake limefukiwa nalo. Huko ndiko alikomkuta Kabula, aliyekuwa akimsaidia shangazi yake kuuzia wachimbaji uji. Walikuwa na miaka miwili ya ndoa. Kisha siku moja baruti ilichelewa kulipuka, yeye akaenda kuitazama, nayo ikalipuka.

Hayo niliambiwa na Kabula, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kusema. Alikuwa akizungusha jicho lake moja dukani bila kutafuta kitu. Likatua kwenye ile kadi. Akanyoosha mkono, nami nikampa darubini nikiwa na furaha, kama ilivyokuwa desturi yangu. Aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayekaribishwa chakula.

"Hapa ni kwetu," akasema.

"Kwenu wapi?" Kabula akauliza.

"Kwetu. Nyuma ya nyumba ya baba. Nimekueleza mara ngapi juu ya mto unaoanguka?"

"Ulisema unaanguka. Mimi nilidhani unateremka."

Akampisha atazame. Kabula aliweka uso kwenye vioo, akatoa mguno, na mkono wake ukaenda mbele wenyewe kushika kitu kisichokuwepo.

"Yesu wangu! Ambakisye! Huu mti uko karibu, huu hapa. Halafu jiwe. Halafu maji yako kule, ndani, yanakuja!"

"Ndani wapi?"

"Ndani! Wewe hukuona? Tazama tena."

Akatazama tena. Aliisogeza kadi mbele, akairudisha nyuma, akainamisha kichwa huku na huku. Tulimngoja. Nje kulikuwa na mtu anauza mkaa, nakumbuka sauti yake kwa sababu ndani hapakuwa na sauti nyingine.

"Naona karatasi," akasema mwishowe. Akaiweka darubini juu ya kaunta, taratibu, akipapasa ilipo kaunta, akatoka nje. Kabula akanitazama kama aliyevunja kitu, akamfuata.

Mama Karim alikuwa akitutazama kutoka kwenye mlango wa stoo. Alikuja akanipa darubini. "Tazama," akasema, na nilipoiweka machoni akapitisha kiganja chake, akanifunika jicho la kulia. Maji yakaacha kumwagika. Mti ukagandamana na mwamba, mwamba ukagandamana na maji, ikawa karatasi tu.

"Inataka macho mawili," akasema. "Kila jicho linaletewa picha yake, kichwani ndiko zinakoungana. Daktari alimwambia amepoteza jicho. Hakuna aliyemwambia amepoteza na hiki."

Ndipo nikakumbuka alivyokaribia kukikosa kigoda.

Jumatano ya wiki hiyo Ambakisye alirudi peke yake. Alitembea akiugusa ukuta. Mama Karim alikuwa kwa jirani. Akaniomba nimshushie ile kadi.

"Nataka kuinunua," akasema. "Kadi tu. Hicho kifaa hakinifai."

"Wewe na mkeo mtaitazama vipi bila kifaa?"

"Mimi naondoka Ijumaa na treni ya Tabora. Kabula hajui. Nataka nimwachie hii, ajue nilikokwenda."

Nikamuuliza kwa nini asimchukue mkewe. Akanijibu bila kunitazama.

"Baba yake ananiheshimu. Lakini nawasikia watu wa pale nyumbani. Wanasema kwetu mvua hainyamazi, kuta zinaota kuvu, na ng'ombe hana pa kusimama. Mgodini nilikuwa mtu. Sasa nikimimina maji kikombeni, namwaga pembeni. Nimpeleke binti wa watu mbali namna ile, akanilee?"

"Umemuuliza?"

"Nikimuuliza atakubali kwa huruma. Na huruma, ndugu yangu, haivuki Tabora."

Akaigeuza kadi, akaisogeza karibu na jicho lake. "Kuna maandishi hapa. Wewe unasoma. Kumeandikwa kwetu?"

Niliyajua maandishi yale kwa moyo. Nilimtazama, nikaona mtu aliyebakiwa na kitu kimoja cha kumwachia mke wake, na kitu chenyewe kilikuwa cha Norwei. Mpaka leo sijui mdomo wangu ulifunguka vipi.

"Kumeandikwa Rungwe," nikasema.

Akafumba jicho lake. "Ndaga," akasema kwa lugha ya kwao, "ndaga fijo," asante sana, nami nikaipokea ile asante kama mwizi aliyeamkiwa na mwenye nyumba. Nikaifunga kadi kwenye gazeti. Akaondoka nayo kifuani.

Mama Karim aliporudi aliona nafasi wazi rafuni. "Picha imeuzwa?"

"Imeuzwa."

"Umetaja aibu zake?"

"Nimezitaja."

Ukishasema uongo mmoja dukani, wa pili hujileta wenyewe. Alhamisi sikula vizuri. Nilijiambia kwamba sijamdhuru mtu: yeye amefurahi, mkewe atapata kumbukumbu, na Norwei hawatapungukiwa. Hoja zote hizo zilikuwa nzuri na hakuna hata moja iliyonishibisha.

Ijumaa, jua likiwa utosini, Kabula aliingia akihema, miguu myeupe kwa vumbi, kadi ameibana ndani ya kanga. Alikuwa ametembea kutoka nyumba ya ndugu zake, Shinyanga ya zamani, walikofikia kwa ajili ya hospitali.

"Kaka, nisomee hapa." Hakukumbuka hata kuamkia. "Mume wangu alisema anakwenda kubadilisha bendeji, lakini blanketi lake halipo. Hii nimeikuta juu ya nguo zangu. Ndiko alikokwenda? Ndiko kwao?"

Nilikuwa na sekunde ya kuchagua. Nawaambia kweli, kama angekuwa na sauti ya kulia huenda ningesema uongo wa tatu. Lakini hakuwa akilia. Alikuwa akiuliza njia.

"Siko," nikasema. "Kumeandikwa Norwei. Ni nchi ya Wazungu, sijui hata iko upande gani. Mumeo aliniuliza nikamdanganya. Amekwenda kwao Rungwe, kwa treni ya leo, na hakutaka ujue."

Akaiangalia kadi, kisha mimi. "Kwa hiyo hata kwao sijapaona bado."

"Bado."

Mama Karim alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa stoo, mahali pake pa kusikia kila neno. Aliingia nyuma ya kaunta, akanivua koti la kazi mabegani kama mtu anayemvua mtoto. "Treni bado haijalia," akasema. "Nenda naye stesheni. Na aibu hiyo utaitaja wewe, si yeye."

Treni kutoka Mwanza ilikuwa na desturi ya kuchelewa, na kwa miaka mingi nimeilaumu kama kila mtu wa Shinyanga. Siku hiyo peke yake niliishukuru. Tulimkuta Ambakisye amekalia blanketi lake lililokunjwa, pembeni mwa marobota ya pamba, jicho lake kwenye reli. Tulikuja upande wa kulia, hakutuona mpaka Kabula aliposimama mbele yake.

Nikasema kabla woga haujanirudia. "Ndugu yangu, ile picha si ya kwenu. Kumeandikwa Norwei. Nilikuhurumia nikakudanganya. Naomba unisamehe."

Akaligeuza jicho lake kutoka kwenye reli, akaniangalia.

"Jicho moja nilipofushwa na baruti," akasema. "La pili umenipofusha wewe, kwa mdomo."

Kabula ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, maana watu walishaanza kugeuza shingo.

"Yeye amekudanganya neno moja. Wewe umetoka nyumbani ukisema unakwenda kubadilisha bendeji."

"Nilikuwa nakupunguzia mzigo."

"Nilikuambia ni mzigo? Lini? Niambie siku."

Ambakisye akatazama chini. "Utanichoka, Kabula. Kule ni mbali. Hutakuwa na mama wala dada."

"Nitakuchoka. Wewe hukuwahi kunichoka? Mgodini ulikuwa ukinichoka kila Jumamosi." Akaketi kando yake juu ya lile blanketi, upande wa jicho lenye bendeji, akamwekea kadi magotini. "Haya. Hapa si kwenu. Nimesikia. Sasa kwenu kukoje?"

"Nitakuonyesha nini? Sina picha."

"Niambie."

Akaishika kadi. Akaileta karibu na jicho lake. Kwanza alisema kwa shida, kama mtu anayetoa miiba. Mti huu kwao haupo, akasema. Hapa pangekuwa na migomba, mpaka ukingoni, majani yake yanalowa mchana kutwa kwa manyunyu. Mwamba wao hauko hivi, umeingia ndani, na nyuma ya maji kuna pango. Mvua ikiwakuta machungani walijificha humo na ndama wao, wakitazama dunia kupitia kwenye maji.

"Kwa hiyo ng'ombe wapo?" Kabula akauliza.

"Wapo. Nani alikuambia hawapo?"

"Endelea."

Akaendelea. Alisema juu ya kelele yake, ambayo mtoto akizaliwa pale haisikii, huisikia siku anapoondoka. Alisema juu ya baridi ya asubuhi, na dada yake mkubwa anayesema peke yake akipalilia, na njia ya utelezi ambayo lazima uvue viatu. Kila alipoikosoa ile picha, alikuwa na jambo la kwao la kuweka mahali pake. Kabula alisikiliza amefumba macho. Mimi nilisimama kando nikijifanya nasoma robota la pamba.

Treni ikaja. Watu wakaanza kusukumana. Ambakisye akaishika mikunjo ya blanketi lakini hakuinuka.

"Unapanda?" Kabula akamuuliza.

"Wewe je?"

"Leo sipandi. Binti Malale haondoki kwao kama kuku aliyeibwa. Utanirudisha nyumbani, tutakwenda Kishapu, utamwambia baba kwa mdomo wako siku tunayoondoka. Atakataa kidogo, ndiyo kawaida yake. Kisha tutakwenda."

Ambakisye akauliza kitu kwa sauti ndogo ambacho sikukisikia. Kabula akacheka, akajifuta pua kwa kanga, na sasa ndipo alipolia. Treni iliondoka wao wakiwa wamekaa pale pale juu ya blanketi.

Kabla ya kuachana Kabula alinirudishia kadi. "Ichukue, kaka. Haina watu wetu." Ambakisye alinipa mkono. Aliukosa wangu mara ya kwanza. Mara ya pili niliusogeza mimi.

Wiki chache baadaye nilisikia wameondoka, na kwamba Mzee Malale alikataa siku tatu, kisha akachinja.

Mama Karim hakunifukuza. Aliniagiza niandike, kwa mkono wangu, kikaratasi kwa kila kitu kilichokuwa dukani, kikitaja kasoro yake, nikifunge kwa uzi. Ilinichukua zaidi ya mwezi. Mnapoona mpaka leo vile vikaratasi kwenye viti na taa, mkadhani ni ustadi wa biashara, jueni vilianza kama adhabu. Kikaratasi cha ile picha pacha nilikiandika hivi: Maji haya ni ya Norwei. Mwenye jicho moja hatayaona vizuri. Mwalimu mmoja kutoka Kahama alikisoma, akacheka, akainunua kadi pamoja na darubini kwa ajili ya wanafunzi wake.

Ilipita miaka mingi. Mama Karim alizeeka, akawa anakaa kwenye kiti kimoja akiniongoza kwa fimbo. Mwaka mmoja, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, mwanamke mnene kidogo, mwenye sweta katika joto la Shinyanga, aliingia na watoto wawili.

"Shikamoo, kaka Zakaria. Umenisahau?"

Alikuwa Kabula, sasa Mama Atupele. Alikuja kumwona baba yake, ambaye alikuwa ameanza kudhoofika. Watoto walisemezana Kinyakyusa wakikimbizana kati ya viti. Nilimuuliza habari za Rungwe, akasema kuta zinaota kuvu kweli, katika hilo watu hawakumsingizia mtu. Ambakisye alikuwa analima kahawa. Maji humimina kikombeni kwa kuweka kidole ukingoni, hamwagi tena. Jumapili ya kwanza alimpeleka kwenye maporomoko, akamvusha utelezi. Kabula naye akamshika mumewe mkono wa kulia akimwambia jiwe lipi liko mbele na lipi liko nyuma, mpaka wakaingia pangoni, na walipofika walikuwa wamelowa chapachapa na wamegombana mara mbili.

"Sasa nina shida, kaka," akasema. "Watu wa kule wananiuliza kwetu kukoje. Nawaeleza hawaamini. Na baba yao ananiambia, niletee picha ya Kishapu niiweke ukutani. Unayo?"

Nilitafuta, ingawa nilijua. Tulikuwa na picha za milima yenye theluji, za meli, za mbwa wa watu. Ya Kishapu hatukuwahi kuletewa. Ni nani angebeba kamera mpaka kule apige mchanga?

Mama Karim akagonga sakafu kwa fimbo. "Jamali ana kamera," akasema. Jamali alikuwa mpiga picha wa karibu na soko.

Tulikwenda Jumapili, kwa lori la pamba lililokuwa likirudi tupu: Kabula, watoto, Jamali na kamera yake ya miguu mitatu, na mimi. Mzee Malale alitolewa nje akiwa amejifunika blanketi. Alipoambiwa picha itakwenda Rungwe alikataa kupigwa bila ng'ombe wake, kwa hiyo tukangoja ng'ombe. Nyuma yao kulikuwa na mto, yaani mchanga, na wanawake wawili waliokuwa wakichota kwenye kisima walichochimba humo. Jamali alitaka wasogee wasiharibu. Kabula akasema waachwe.

Siku kumi baadaye Kabula alikuja dukani kuichukua. Ilikuwa picha ya kawaida, moja, ambayo jicho moja na macho mawili huiona sawasawa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Baba yake, ng'ombe, mchanga, wale wanawake wameinama, na mbingu kubwa isiyo na kitu. Watoto walikuja wakaning'inia mikononi mwake, wakiulizana kwa lugha yao.

Aliitazama mpaka nikadhani kuna kasoro ambayo sikuiona.

"Kaka," akasema, bila kugeuka, "kumbe kwetu ni pazuri."